Paa Niliyesema Nimemuwahi

Laiti ningekiacha kisu alani. Paa alikuwa amelala ubavu juu ya majani makavu ya mwaloni, ulimi umetoka kidogo, jicho wazi na tayari limeanza kuingia ukungu. Mwingereza niliyefuatana naye alikuwa ameshaligusa jicho hilo kwa ncha ya fimbo, kama wawindaji wafanyavyo kuhakikisha. Halikupepesa.

"Amekwenda huyu," akasema. "Kama kwenu haliwi tena, basi mwache, nitamchukua mimi. Nyumbani kwangu hatuna masharti."

Alikuwa ananifungulia mlango, wala hakujua kama anaufungua. Ilinipasa niseme ndiyo, mchukue. Badala yake nilipiga magoti, nikamgeuza kichwa upande niliokisia kuwa ni wa kibla, nikataja jina la Mungu, nikamkata shingo. Damu haikuruka. Ilitoka kidogo, nzito, ikasimama. Nikafuta kisu kwa majani, nikamwambia yule bwana tumbebe.

Nilikuwa nimefunga. Ilikuwa Ramadhani iliyoangukia Desemba, mwishoni mwa miaka ya tisini, siku fupi za London ambapo mtu hufuturu saa kumi na hajahisi kama ameshinda na njaa. Asubuhi ile mimi niliihisi.

Miaka hiyo nilikuwa karani wa stoo katika hospitali moja ya kusini mwa mji. Tulikaa Thornton Heath, mke wangu na mimi, ghorofani juu ya duka la mazulia. Binti yetu alikuwa ameshaolewa Birmingham. Sote wawili ni watu wa Unguja, tulioondoka wakati wa kuondoka, na mpaka leo sijui kuieleza safari ile bila kumlaumu mtu, kwa hiyo siielezi.

Mke wangu alikuwa mpishi wa watu. Siku za kazi aliwauguza wazee wa Kiingereza katika nyumba yao ya kutunziwa, lakini huko si kulikompa jina. Jina lake lilikuwa katika masufuria yake mawili makubwa, ambayo hakumwazima mtu. Harusi, khitma, akika, futari ya pamoja, watu wetu walikuwa wakisikia kuna pilau, na kabla ya kuuliza saa, wanauliza kapika nani. Wakiambiwa ni yeye, wanakaa wanakula. Wapo waliokuwa wameishi London miaka ishirini bila kugusa nyama nje ya nyumba zao, na kwake waligusa. Si kwa utamu tu. Nimewahi kufuatana naye kwa muuza nyama Tooting, Mhindi aliyezaliwa Tanga, Kiswahili chake kizuri kuliko cha binti yangu.

"Nani kachinja?" mke wangu akamuuliza.

"Mama, cheti hicho hapo ukutani."

"Cheti hakishiki kisu. Nani kachinja?"

Akatajiwa mtu. Akataka kujua mtu huyo yuko wapi. Akaletewa kijana wa Kisomali mwenye aproni, akamtazama mikono, akamuuliza mawili matatu, ndipo akanunua. Nilimcheka njiani. Akasema, "Cheka. Watu wanakula kwa imani yangu, hawali kwa cheti."

Mimi sikuwa na kitu ambacho watu walinijua nacho. Hilo silisemi kwa kujihurumia. Ni kweli tu. Katika mikutano yetu nilikuwa mume wa yule mpishi, mtu wa kubeba masufuria kutoka garini.

Habari ya bunduki ilianzia kazini. Yule Mwingereza alikuwa fundi wa boila pale hospitali, mtu mpole, mjane, aliyependa kulenga shabaha. Bastola zilipokatazwa nchini, wenzake wengi wa klabu walihamia kwenye silaha za kushindilia kwa mdomo wa mtutu, na yeye akahamia. Jumamosi moja akanichukua kwenye uwanja wao huko Surrey nikaone. Nilipoiona baruti inamiminwa, ufito wa mdeki unaingizwa na kushindilia, nikacheka peke yangu.

"Nini?" akaniuliza.

"Hili kwetu ni gobore. Babu yangu alikuwa nalo. Alikuwa akifukuzia kima shambani."

"Alikuwa na shabaha?"

"Kima walidhani hana. Walikuwa wakikaa wakimtazama akishindilia."

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa Jumamosi. Kupata cheti cha polisi kulichukua miezi. Askari alikuja nyumbani kukagua kabati la chuma nililolifunga ukutani kwa skrubu ndefu. Mke wangu akampa chai na kaimati, akaniambia kwa Kiswahili, huku akimtabasamia mgeni, "Muulize bwana mkubwa kama anajua Tooting kuna bucha."

Kuchagua nako kulikuwa na kazi yake. Dukani yalikuwepo ya namna mbili. Moja lilikuwa la kizamani, kitako cha mti wa walnati, jogoo lake la pembeni la kugonga fataki, zuri la kutundika. La pili lilikuwa gobore la kisasa, mtutu wa chuma kisichoshika kutu, kitako cha plastiki nyeusi, na fataki inakaa nyuma kabisa ya baruti, katika mstari mmoja na mtutu, kwa hiyo moto hauzunguki kona na unyevu wa Uingereza hauifikii. Hilo lilikubali darubini, na lilikuwa na nguvu ambayo sheria ya nchi inaidai kwa paa. Moyo wangu ulikuwa kwenye la kwanza. Fundi akaniambia, "Unataka kumkumbuka babu yako au unataka kupiga?" Nikanunua la kisasa. Mke wangu alipoliona akasema, "Maisha yako yote unayakimbia mambo ya kizamani, leo umenunua ya kizamani mapya."

Nilijifunza kulitumia kwa utaratibu, maana gobore halisamehe haraka. Unaingiza vidonge viwili vya baruti, kisha risasi iliyovishwa kikombe chake cha plastiki. Unashindilia kwa mdeki mpaka alama uliyoichora juu yake ilingane na mdomo wa mtutu. Alama ikibaki juu, risasi haijakaa, na ukifyatua hivyo unaweza kupasua mtutu usoni mwako. Fataki inatiwa mwisho, ukiwa tayari. Ukishapiga, unapitisha kitambaa chenye maji kidogo, maana masizi hujaa ndani na risasi ya pili inakataa kuteremka. Mtu mwepesi anamaliza yote hayo kwa dakika moja. Mimi nilihitaji mbili. Mwanzo nilipiga juu ya shabaha, nikarekebisha darubini, nikaenda kushoto, nikarekebisha tena. Ilipofika majira ya joto, risasi zangu tatu kwa hatua hamsini zilifunikwa na kiganja.

Jioni zangu za Jumamosi nilikuwa nikiosha mtutu kwa maji ya moto na sabuni ndani ya bafu.

"Bafu langu linanuka mayai viza," mke wangu alikuwa akisema mlangoni.

"Ni baruti."

"Nakujua weye hata kabla ya baruti."

Hizo zilikuwa siku njema, na sikuzijua kama ni njema.

Katika kichwa changu nilikuwa na hoja ya kwa nini gobore na si bunduki ya kawaida. Tulivyofundishwa chuoni utotoni, mnyama akipigwa risasi akafa kabla ya kisu kumfikia, ni mzoga. Lazima umuwahi. Bunduki ya kawaida, nilijiambia, ni ya watu wa mbali. Inamwangusha paa huko ng'ambo ya bonde, na mpaka ufike ameshakufa. Gobore linakulazimisha usogee. Ukiwa hatua sitini, unafyatua, unateremka, unakimbia na kisu, unamuwahi. Nilimweleza fundi hoja hiyo. Akasema, "Sisi tunafanya kinyume. Ukishapiga, unakaa nusu saa. Paa aliyepigwa, usipomfuata, hulala karibu. Ukimfuata, huamka na kukimbia mpaka moyo upasuke." Nikamsikia. Nikaona hilo ni neno la watu wasio na haja ya kuchinja.

Hata hivyo ningeweza kuishia kwenye karatasi za shabaha na nisimdhuru mtu. Kilichonitoa huko ni mzaha. Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani tulikuwa kwenye khitma, wanaume tumekaa chumba chetu, mzee mmoja wa Pemba aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu akasema mbele ya wote, "Sheikh, bunduki unayo, baruti unayo, cheti cha Malkia unacho. Mbona hatujaona hata mkia?"

"Huwinda Tooting huyo," mwingine akadakia. "Kuku wa friza. Hawakimbii."

Walicheka, nami nikacheka. Kisha nikasema, "Futari ya pamoja ya mwaka huu, mtakula paa."

Wazee wale walikuwa wamekula paa nunga utotoni, waliokamatwa kwa nyavu na mbwa kusini mwa Unguja. Mwenyekiti akameza mate waziwazi. "Wallahi ukitulisha paa," akasema, "mie nitakubebea masufuria mwenyewe."

Garini nikamwambia mke wangu. Hakufurahi. "Umewaahidi watu kitu kilichoko porini kina miguu minne."

"Nitakipata."

"Sisemi hutokipata. Nasema nitakipika mie. Basi nisikilize: ukimuwahi, lete. Usipomuwahi, nitanunua mbuzi na hapana atakayeulizwa kitu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Kwa hiyo nilijua. Wala sikuteleza kwa kutojua.

Asubuhi ya Ijumaa ile tulikuwa kwenye msitu mdogo pembeni ya shamba la dada yake fundi, huko Sussex. Tulipanda kwenye kiti cha mbao kilichoegemezwa mtini kwa ngazi, tukakaa bega kwa bega tangu giza. Kulipopambazuka paa wanne walitokea kwenye uwazi, majike, rangi ya majani makavu, wakila kwa wasiwasi. Mmoja akasimama ubavu hatua kama sitini. Nikapachika fataki. Nikasema bismillahi kwa sauti ambayo fundi aliisikia, nikabonyeza.

Kosa la gobore ambalo karatasi za shabaha hazikufundishi ni moshi. Wingu jeupe lilisimama mbele yangu, nami sikuona chochote. Nilisikia kwato, matawi, kisha kimya. Fundi akanishika mkono wa koti.

"Umempiga vizuri, nimemwona akiruka. Sasa kaa. Nusu saa."

"Siwezi."

"Basi angalau shindilia kwanza."

Dakika mbili za kushindilia niliziona nyingi mno. Nikateremka ngazi, gobore tupu mkononi, kisu kiunoni, nikakimbia.

Alikuwa amelala nyuma ya kichaka cha miiba, karibu tu, kama fundi alivyosema. Alinyanyuka hatua kumi mbele yangu. Alikuwa hai. Tulitazamana kiasi cha pumzi mbili, mimi na bunduki yenye tundu tupu, yeye damu inamtoka nyuma ya bega. Lau ningekuwa nimeshindilia, ningemwangusha pale pale na kumfikia angali anapumua. Nikamrukia kama mtu anayekamata kuku. Akageuka akaondoka.

Tulifuata matone kwa dakika arobaini, kupita mtaro, kupita uzio wa waya, mimi nahema kwa njaa na umri, fundi nyuma yangu. Tulipomkuta, alikuwa vile nilivyomweleza mwanzo.

Tulimpasua na kumtundika pale shambani, na kesho yake nikarudi na nyama ndani ya masanduku ya baridi. Mke wangu alikuwa jikoni amefunga kanga juu ya sweta, kitunguu na tangawizi vimekwisha tayarishwa. Alishika paja moja, akaligeuza, akalinusa.

"Jekundu sana," akasema. "Damu imebaki ndani."

"Ndivyo nyama ya porini ilivyo."

Akaweka paja chini. Akanitazama, si kwa shaka. Kwa utaratibu, kama alivyomtazama yule kijana wa Tooting.

"Ulimuwahi?"

"Nilimuwahi."

Neno moja. Waingereza hawana neno hilo. Wangehitaji sentensi nzima, na pengine katikati ya sentensi ningepata haya. Sisi tunalo fupi, lililokamilika, na linatoka mdomoni kabla hujalipima. Akafungua bomba, akaanza kuosha nyama.

Jumapili ile watu kama sabini walikula biriani ya paa katika ukumbi wetu. Mwenyekiti alibeba sufuria kweli, mgongo umepinda, watu wanampigia makofi. Mzee mmoja alilia kidogo na kusingizia pilipili. Walinitaja katika dua. Nilitia tonge mdomoni nikalitafuna mpaka likawa kama pamba, na mke wangu kutoka upande wa wanawake akanichungulia mlangoni, akatabasamu. Alikuwa anajivunia mimi. Katika ndoa yetu sikumbuki mara nyingi za tabasamu lile.

Wiki tatu baada ya sikukuu, fundi alikuja nyumbani kuniletea ngozi ya paa, aliyoitengeneza mwenyewe ikawa laini. Nilikuwa nimechelewa kazini. Nilipoingia nilimkuta amekaa, chai mbele yake, anamsimulia mke wangu kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwa upendo kabisa.

"Mumeo ana adabu ambayo sisi tumeipoteza," alikuwa akisema. "Paa ameshakufa, amepoa, na bado anapiga magoti anamsomea dua, anamkata shingo. Nilisema moyoni, hawa wanamheshimu mnyama hata akiwa maiti."

Mke wangu alikuwa ameshika birika. Akamuuliza, "Alikuwa amekufa?"

"Ah, ndiyo. Muda mrefu. Alitukimbiza sana, yule maskini."

Akammiminia chai nyingine, akamsogezea sahani, akamuuliza habari za dada yake. Alimsindikiza mpaka mlango wa chini, akamshukuru kwa ngozi. Akapanda ngazi. Mimi nilikuwa bado nimesimama na koti.

"Nambie mwenyewe," akasema.

Nikamwambia. Nikaongeza kwamba nilitaja jina la Mungu wakati wa kufyatua, na kwamba nimesikia wapo wanazuoni wanaosema hiyo yatosha.

"Umesikia lini? Kabla au leo?"

Niliyatafuta maneno hayo baada ya futari ile, usingizi uliponikataa.

"Wapo," akasema. "Nami nawajua kama wapo. Ungekuja ukaniambia, bibi, sikumuwahi, lakini nilisoma bismillahi, tungempigia mwalimu wetu wa dini simu, akasema kuleni au akasema msile. Tungepata jawabu. Weye hukutaka jawabu. Ulitaka kubebewa masufuria."

Kisha akanitaka jambo moja: Ijumaa, baada ya sala, nisimame niwaambie watu. Hakutaka zaidi ya hilo. Nikamwambia watu wameshakula, chakula hakirudi, kwa nini tuwatie uchungu. Nikamwambia tutakuwa kichekesho. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nitawaambia mie," akasema.

Alichukua daftari lake la simu akakaa kwenye kiti cha korido, kila jioni kwa wiki nzima, nyumba baada ya nyumba. Nami nilikaa sebuleni na televisheni imezimwa, nasikia. Hakunitia maneno mabaya. Alikuwa akisema, "Nyama ile haikuchinjwa hai. Nilikupikieni bila kujua, lakini nilipika mie. Nisameheni." Wengi walisema hapana neno, asiyejua hana dhambi. Mwalimu alipopigiwa alisema hivyo hivyo, tena akasema ipo kauli inayoruhusu. Kwa mwenyekiti tu ndiko nilikomsikia mke wangu anarudia, "Ami? Ami, upo?"

Walimsamehe. Walimwita tena kupika, harusi mbili katika miezi ile. Alikataa zote. Nilimuuliza kwa nini, maana watu hawana kinyongo. Alikuwa akisugua yale masufuria, anayafunga kwa magazeti.

"Wataniuliza nani kachinja," akasema. "Nitasema nini? Nitasema mume wangu kanambia?"

Mwaka ule, majira ya maua, alikwenda Unguja kumwangalia mama yake. Tiketi ilikuwa ya kwenda na kurudi. Masufuria aliyachukua, nami niliona anayachukua nikajifanya nimeona ni zawadi za ndugu. Mwezi wa kurudi ulipita. Simu zake zilikuwa za heshima: umekula, dawa ya presha unameza, baridi vipi. Mwaka wa pili aliandika barua kuomba talaka yake. Talaka niliiandika kwa mkono wangu, nikaipeleka posta mwenyewe, nikarudi nyumbani nikakuta sina hata wa kumwambia kwamba nimerudi.

Gobore nililikabidhi polisi pamoja na cheti. Fundi hakuelewa kilichotokea, na nilishindwa kumweleza bila kumfanya ajione yeye ndiye aliyekosa. Alistaafu akahamia kwa dada yake. Ngozi ile ninayo bado kwenye kiti. Sikuweza kuitupa wala kuisalia.

Najipikia mwenyewe sasa, wali na samaki wa kopo mara nyingi. Katika futari za pamoja nakaa karibu na mlango, na hakuna anayenitania tena, jambo ambalo zamani ningelitamani. Binti yangu husema kwa Kiingereza kwamba ilikuwa ni paa tu. Sibishani naye.

Mke wangu yu hai. Yuko Unguja, mtaa wa Ng'ambo, kwa watu wake, anapikia harusi kwa masufuria yale yale, na watu wakisikia kapika yeye, wanakaa wanakula. Nilipoteza ndoa ya miaka ishirini na saba kwa kukata shingo ya mnyama aliyekwisha kufa, na tangu hapo sijala chakula chake.